Umekuja kwa Nani?

Bibi aliyeniuliza swali hilo alikuwa amekaa kibarazani kwake, Kilwa Kisiwani, ungo mapajani, anachambua mchele. Nilikuwa nimeshamwamkia na ameshaitikia, tumeulizana habari za nyumbani na za njiani. Lilibaki hilo moja, na kwetu ndilo la msingi, maana mgeni lazima awe na mwenyeji. Nikamwambia sina mtu pale, nimekuja kuona tu. Mikono yake ikatulia juu ya mchele. "Kuona nini, mwanangu?" Nikamwonyesha upande wa msikiti mkuu. Akanitazama usoni kwa muda, kama anayetafuta ukoo wangu ili anipe mwenyeji ijapokuwa mwenyewe nimesema sina.

Nilirudi na swali lile Dar es Salaam na bado sijalitua. Nina miaka 62. Nimefundisha jiografia katika shule za sekondari kwa miaka 34. Siku moja baada ya safari ile nilikaa na daftari nikaorodhesha kila mahali nilipowahi kulala nje ya nyumba yangu, nikaona kwamba karibu kote huko niliitwa. Kigoma niliitwa na harusi. Babati niliitwa na msiba, mara mbili. Songea na Tabora nilipelekwa na barua za uhamisho. Mwanza nilisimamia mitihani, nikaliona ziwa kupitia dirisha la darasa. Hata Zanzibar, ambako boti huchukua saa mbili hivi, mara ya kwanza nilivuka kwenda kumuuguza mama mdogo, na siku zote sita sikutoka zaidi ya njia ya hospitali.

Naamini wasomaji wengi wana daftari kama langu, hata kama hawajaliandika. Watanzania tunasafiri sana. Tazama stendi za mabasi mwezi Desemba, tazama magari yanayosindikiza jeneza usiku kucha kutoka pwani hadi Kagera. Lakini tunawafuata watu. Mahali penyewe tunapaona kwa pembeni, kati ya kuosha maiti na kugawa chakula, na kesho yake alfajiri tuko barabarani tunarudi. Safari ya kuitwa ina heshima yake, na jamaa huichangia nauli. Safari ya kwenda kuona haina mchango. Nilipowaambia majirani nakwenda Kilwa, wawili walinipa pole kabla sijamaliza sentensi. Kwa mwanamke ni zaidi: mume anaweza kusema anatembea, mke lazima awe anakwenda kwa fulani.

Harusi ya Kigoma ilikuwa mwaka 1998. Mdogo wangu alipata mchumba huko, na ukoo ukateua watu tisa wa kumsindikiza, nami nikiwemo. Tulipanda treni Dar es Salaam tukakaa ndani siku mbili na usiku wake. Nilikuwa nimeshawafundisha mamia ya watoto kwamba Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, kwamba ilijengwa na Wajerumani, kwamba Tabora inagawanyika kwenda Mwanza. Yote niliyajua. Ila sikujua kwamba Saranda abiria huamshana usiku kwa ajili ya kuku wanaopitishwa dirishani, wala kwamba Tabora behewa zima hunukia asali, wala kwamba ukikaribia Uvinza wanawake wanakimbia sambamba na treni na vifurushi vya chumvi kichwani, hawakosei hatua. Treni ilinifundisha upana wa nchi hii kwa namna ambayo ramani ya ukutani haikuweza. Kwenye ramani kutoka pwani hadi ziwani ni kiganja kimoja.

Usiku wa kwanza Kigoma nilitoka nje ya nyumba ya wakwe nikaona mji mkubwa ng'ambo, taa kwa mamia, umejipanga kwa urefu. Nikamuuliza wifi yangu mpya ni mji gani ule wa Kongo. Akaniambia hakuna mji, ni wavuvi wa dagaa na taa zao. Nilisimama pale hadi umande ukanilowesha khanga. Ubaoni nilikuwa nikiandika: Ziwa Tanganyika, kina mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, nchi 4. Asubuhi yake nilishuka ufukweni nikatumbukiza mkono majini, nikaona kokoto za chini moja moja, halafu hatua chache mbele maji yakageuka bluu nzito. Tangu siku hiyo sikuandika tena 1,470 ubaoni bila kusimulia zile taa.

Ujiji nilipewa saa moja. Nasema nilipewa kwa sababu kwenye harusi muda si wako. Ni kilomita chache tu kutoka Kigoma mjini. Wageni hupelekwa kwenye makumbusho na miembe, mahali ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Nilipaona. Kilichonishika zaidi ni mitaa ya nyuma yake: nyumba zenye mabaraza, wazee wa kanzu na kofia wakinywa kahawa, wanawake wakiitana kwa Kiswahili ambacho masikio yangu ya Tanga yaliyasikia maneno yake yakakaa mahali pake bila kazi. Nilikuwa kilomita zaidi ya 1,000 kutoka Bahari ya Hindi na nilijiona niko pwani. Njia ya misafara, ile ya pembe na ya watumwa, ilipita hapa kwenda Bagamoyo, na waliopanda na kushuka kwa miguu waliiacha lugha njiani kama mtu anavyoacha mbegu za embe. Hapo ndipo niliwafikiria Susi na Chuma, watumishi wa Livingstone. Livingstone alipofariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, hao wawili na wenzao walikausha mwili wake wakaubeba kwa miguu hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Ni msiba tena. Msafara mkubwa kuliko yote ninayoijua katika nchi hizi ulikuwa wa kusindikiza maiti.

Sikupata muda wa kumuuliza yeyote pale Ujiji babu zake walitokea wapi. Wifi alikuja kuniita, ngoma ilikuwa inaanza. Saa ile moja naijutia hadi leo.

Ndiyo maana nilipostaafu niliamua safari ya kwanza iwe ya kutoitwa, nikachagua Kilwa. Basi la asubuhi kutoka Mbagala Rangi Tatu, Daraja la Mkapa juu ya Rufiji, halafu Nangurukuru unaiacha barabara ya Lindi na kukata kwenda Kilwa Masoko. Wanaokumbuka miaka ya kivuko cha Ndundu, kabla daraja halijafunguliwa mwaka 2003, watakwambia jinsi magari yalivyolala kando ya mto. Masoko nikachukua kibali, nikapata kijana wa kuniongoza, tukavuka kwa boti.

Kilwa ya vitabuni nilikuwa nayo yote kichwani: dhahabu ya Sofala, Ibn Battuta aliyefika mwaka 1331, sultani al-Hasan bin Sulaiman aliyeitwa Baba wa Vipawa kwa ukarimu wake, Wareno walioingia mwaka 1505 wakauteka mji. Kilichonishangaza ni ubaridi. Jua la saa sita limesimama juu ya kichwa, unaingia chini ya makuba ya msikiti mkuu, na jasho linakauka. Kuta za matumbawe na chokaa, zaidi ya miaka 600, bado zinafanya kazi zilizojengewa. Mbuzi wanalijua hilo, walikuwa wamelala kivulini safu nzima. Kijana akasema neno moja chini ya kuba, likazunguka likaturudia. Akaniambia wao wakiwa watoto walikuwa wakija kuitana majina humo.

Tulikwenda hadi Husuni Kubwa, jumba la sultani yuleyule, zaidi ya vyumba 100 juu ya ukingo unaotazama bahari. Kuna bwawa la kuogea lenye pembe nane. Nilikaa kwenye ukingo wake, miguu ndani ambako maji hayapo tena. Nimesoma kwamba sarafu za shaba za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na hakuna anayejua kwa uhakika zilifikaje. Nilizifikiria pale. Sarafu imetoka hapa, imevuka bahari yote ile. Mimi nilikuwa na miaka 59 ndipo navuka mkono huu wa maji ambao boti huumaliza kabla hujazoea kuyumba.

Gereza nalo lipo ufukweni. Wareno walianzisha ngome hapo, Waomani wakaijenga upya baadaye, na wataalamu wa lugha hutuambia neno lenyewe limetoka katika neno la Kireno la kanisa. Watoto walikuwa wakicheza mpira pembeni ya ukuta wake.

Tuliporudi kijijini ndipo nilipokutana na bibi. Baada ya kunitafuta usoni na kutoniona, alisema tu, "Basi kaa." Akaita mkeka. Kijana akaenda zake kuswali, nikabaki naye hadi alasiri, nikamsaidia kuchambua mchele. Alitaka kujua nimewahi kupanda treni. Nikamweleza ya Kigoma. Aliniuliza inalia vipi. Nilijaribu kumwigia, akataka nirudie. Akanieleza kwamba yeye amefika Kivinje, amefika Lindi, amefika Dar es Salaam mara moja kumuuguza mwanawe, na siku zile zote hakuna aliyefikiria kumpeleka stesheni, naye hakusema, kwa sababu mtu hawezi kuacha mgonjwa wodini akaomba kwenda kutazama treni. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, mikono ikiendelea na mchele. Na mimi nikakumbuka siku zangu sita za Zanzibar.

Mwaka uliofuata nilikwenda Kolo, Kondoa. Hapa nina deni la zamani. Kwa ile misiba miwili ya Babati nilipita Kolo mara nne, kwenda na kurudi, usiku na mchana, nikaona kibao cha michoro ya miambani na sikuthubutu kumwomba dereva asimame. Unaombaje gari la msiba lisimame? Mara ya tano nilishuka peke yangu. Michoro ya Kondoa imesambaa katika miamba zaidi ya 150, na tangu mwaka 2006 imo katika Urithi wa Dunia. Mwongozaji alinipandisha kilima taratibu, akinisubiri kila nilipotaka kupumua. Ukifika juu, chini ya mwamba ulioinama, wako pale: watu warefu wembamba wa rangi nyekundu, pofu, twiga, na juu ya baadhi yao michoro myeupe ya watu waliokuja baadaye sana. Kuna picha ya watu watano waliosimama, wa katikati kama anavutwa huku na huku. Wapo wanaosema ni mwanamke anatekwa. Wapo wanaosema ni ibada. Niliitazama kwa muda mrefu, na kwa macho yangu sikuona utekaji. Niliona watu wanaomshika mwenzao asianguke, kama tunavyomshika mfiwa. Sina ushahidi, na mwongozaji hakunipinga. Alinieleza tu kwamba mahali pale wenyeji bado wanapaendea kwa matambiko, ya mvua na ya uponyaji.

Na Tongoni sitaisema sana kwa sababu inaniuma. Ni magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo, chini kidogo ya mji wa Tanga, njia ya Pangani. Nimezaliwa Tanga. Nimepita hapo na mama yangu kwenda kwa shangazi miaka yote ya utoto. Nimeingia ndani mwaka juzi, mama hayupo.

Basi daftari lina upande wa pili, wa mahali ninapotaka kwenda, na upande huo ndio unaoniamsha siku hizi.

Ukerewe ipo juu kabisa. Nilipokuwa chuo cha ualimu, mkufunzi wetu alituletea kitabu cha Aniceti Kitereza, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Kitereza alikuwa Mkerewe, alikiandika kwa Kikerewe akakimaliza mwaka 1945, kisha akakaa nacho miongo bila mchapishaji, akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, nacho kikatoka kwa Tanzania Publishing House mwanzoni mwa miaka ya 1980. Alifariki mwaka 1981, kabla nakala hazijamfikia. Nilikisoma likizo nzima. Kinaanza na mke anayerudishwa kwao kwa sababu ya maneno ya mashemeji juu ya ugumba wake, na mume anayekwenda kumwomba kwa wakwe, anatozwa pombe ya ndizi ndipo apewe. Lakini njiani mwandishi anakwambia kila kitu: dawa hii inachimbwa wapi, salamu hii anapewa nani, mtumbwi unachongwaje. Sijawahi kusoma mtu aliyependa mahali pake hivyo. Nataka kukitazama kisiwa hicho kwa macho aliyonipa yeye, kushuka Nansio na kuuliza njia.

Niliahirisha kwa muda. Septemba 2018 kivuko kilipinduka kati ya Ukerewe na Ukara, wengi wakiwa wametoka gulioni, na watu zaidi ya 200 walipoteza maisha. Nilikuwa na mwanafunzi wa zamani aliyefiwa siku ile. Nilihisi si mahali pa kwenda na daftari. Miaka imepita, na yeye mwenyewe ndiye aliyeniandikia: mwalimu, njoo, kisiwa chetu si msiba ule peke yake.

Halafu kuna Kitulo. Nilifanya kazi Songea miaka mitano, nikapita Njombe na Makambako kila likizo, na sikuwahi kuingia Makete. Wenyeji wanayaita yale maeneo ya juu Bustani ya Mungu, na mwaka 2005 yakawa hifadhi ya taifa kwa ajili ya maua. Ukitokea Chimala unapanda kwa njia wanayoiita Hamsini na Saba, kwa idadi ya kona zake. Maua huchanua miezi ya mvua, ndiyo miezi ambayo barabara ni ngumu na shule zimefunguliwa, kwa hiyo mwalimu hapati nafasi. Sasa nimestaafu. Misitu ya jirani, ya Rungwe, ina kima aitwaye kipunji, ambaye wanasayansi walimtangaza mwaka huohuo wa 2005 ingawa wenyeji walikuwa na jina lake siku zote. Nikifika sitaomba kumwona kima. Okidi zinanitosha, na nataka kuwauliza akina mama wa huko kuhusu viazi vya okidi hizo vinavyochimbwa na kuvushwa Zambia kupikwa chakula kiitwacho chikanda, kama bado vinachimbwa kwa wingi na kama bado vinaota.

Na Liemba. Nilipokuwa Kigoma niliiona gatini, nikapita. Meli ile iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikatiwa katika makasha 5,000 hivi, ikaletwa kwa bahari na kwa reli hadi Kigoma, ikaungwa upya na kuingia majini mwaka 1915 ikiitwa Graf von Goetzen. Mwaka uliofuata Wajerumani waliizamisha wenyewe isichukuliwe na adui, lakini mafundi wakaipaka grisi mitambo yake kwanza. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, ikarudi kazini 1927. Walikuwapo watu wa vijiji vya ziwani ambao maisha yao yote yalipangwa kwa mluzi wake, mitumbwi ikiifuata katikati ya maji, mtu akishuka na gunia, mwingine akipanda na mtoto. Miaka ya karibuni imesimama kwa ajili ya ukarabati. Siku itakaporudi majini nataka nauli hadi Mpulungu, na sitaki kushuka katikati.

Kilimanjaro nimeifuta. Kibo, mita 5,895, nimeitaja darasani mara nyingi kuliko jina la mtoto wangu wa kwanza, lakini magoti yameshasema. Lamu nimeiandika kwa penseli.

Mstari wa mwisho niliuongeza wiki iliyopita. Mwaka 2024 treni mpya ya reli ya kisasa ilianza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro, kisha Dodoma. Inapita mbali kidogo na kwangu na sijaipanda, kwa kuwa hakuna aliyekufa Morogoro wala aliyeoa. Nilimpigia mjukuu wa bibi wa Kilwa, yule kijana aliyeniongoza, nikamwambia nina chumba kimoja kitupu, nina mkeka, na treni ipo. Akacheka, akasema atamfikishia. Jioni ile ile simu ikaita. Sauti ilikuwa ya bibi mwenyewe, ameishika simu karibu mno na mdomo.

"Mwanangu," akasema, "hiyo mpya nayo inalia?"